Chupa ya Saa na Kilo Zangu Mbili: Tathmini ya Mpango wa Maji Nilioununua Lamu

Mji wa Lamu haujawahi kukosa mtu wa kuuza maji, na katika wiki ya pili ya Januari mimi nami niliyanunua kwa namna ambayo sikuwahi kuyanunua kabla, yaani kama dawa ya kupunguza unene. Duka lenyewe liko kwenye Usita wa Mui, upande wa Langoni. Huuza vyombo vya plastiki, hujaza mitungi ya maji yaliyosafishwa, na tangu mwaka jana huuza pia kile ambacho muuzaji hukiita mpango wa maji wa siku thelathini. Kwa shilingi 1,800 nilipewa chupa ya lita mbili iliyochapishwa saa ubavuni, karatasi moja ya maelekezo, mtungi wa kwanza wa lita 20 uliokwisha jazwa, na nafasi katika kundi la WhatsApp ambamo wanunuzi hukumbushwa kunywa. Silitaji duka kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaandika si ya kulisifu, na binti anayeliendesha alinihudumia kwa adabu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 43, na mizani ya duka la dawa iliponionyesha kilo 84.6 sikuikadhibisha, maana fundi wangu wa nguo alikuwa amekwisha itangulia kwa habari hiyo. Asubuhi hunywa chai ya maziwa kwa mahamri na mbaazi. Wakati wa mapumziko ya saa nne nilikuwa nikinywa soda moja pamoja na walimu wenzangu, nyingine baada ya chakula cha mchana, na jioni vikombe viwili vya chai barazani. Maji nilikuwa nikiyanywa kidogo sana. Sikuyadharau, ila mtaani kwetu maji ya bomba yana munyu, na mtu aliyekwisha zoea kuonja munyu katika maji hutafuta cha kumkata kiu kwingine. Hili nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililokuja kueleza karibu yote yaliyonipata baadaye.

Nianze na chupa. Plastiki yake ni nene na ngumu. Niliiangusha mara mbili kwenye ngazi za nyumba yetu, ambazo kama ngazi nyingi za mawe za mtaa wa Mkomani zina vidato virefu visivyolingana, na haikupasuka wala kupata ufa. Mkanda wa kubebea umeshonwa vizuri. Nilipoipima kwa kikombe cha vipimo cha jikoni, niligundua kwamba mstari wa juu kabisa unafika mililita 1,900 na si 2,000, kasoro ambayo haimdhuru mnywaji lakini inaonyesha kwamba aliyeichapisha hakujisumbua kuipima. Kifuniko ndicho kibaya zaidi. Mpira wake hulegea, na katika wiki ya kwanza ulimwaga maji juu ya madaftari ya insha ya darasa zima, nikalazimika kuyaanika uani kama samaki wa ng'onda. Mrija wa ndani nao ulianza kuota ukungu mweusi kabla siku kumi na nne hazijatimia, kwa kuwa mdomo wa chupa ni mwembamba na mkono hauingii. Niliutupa, nikanunua burashi ya shilingi 100, na tangu hapo nimekuwa nikinywa kwa kumimina kwenye kikombe. Ikijaa, chupa hii huzidi kilo mbili, na katika mji ambao mizigo ya namna hiyo hubebwa na punda, mwalimu anayeibeba begani kila asubuhi hupata mazoezi ambayo muuzaji hakuyatoza.

Kuhusu zile saa zilizochapishwa ubavuni, zinashuka kutoka juu hadi chini kwa tarakimu: 7, 9, 11, 1, 3, 5, 7 na 9, na kila moja ina neno la kutia moyo kwa Kiingereza pembeni. Khalati yangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja, aliichukua, akaisoma kama asomavyo saa kila Mswahili asiyetaabishwa na hesabu za Wazungu: saa saba, saa tisa, saa kumi na moja, saa moja, saa tatu, saa tano, saa saba za usiku, saa tisa za usiku. Kisha akaniuliza, kwa uso wa kweli kabisa, ni ugonjwa gani huu unaomwamsha mtu saa tisa za usiku kwenda kunywa maji. Tulicheka sana. Hata hivyo kasoro ni ya kweli, kwa kuwa chupa inayouzwa kwa Waswahili ingefaa iwe na saa za Waswahili, na wawili kati ya wanunuzi wenzangu waliungama kwamba siku ya kwanza walianza kunywa mchana.

Maji ya mtungi yalikuwa matamu na safi, kifuniko kikiwa na lakiri yake, na mkokoteni uliyaleta hadi mlangoni mara tatu kati ya nne katika siku ile ile niliyoagiza. Mara ya nne nilingoja siku mbili. Kwa mtu mmoja anayenywa lita mbili kwa siku, mtungi wa lita 20 huisha kwa siku kumi. Katika nyumba yenye watu sita hufika siku ya tatu ukiwa mtupu, maana hakuna anayekunywa peke yake mbele ya wenzake. Anayetaka kununua mpango huu na akadhani gharama ni zile shilingi 1,800 pekee, na aongeze mitungi hiyo katika hesabu yake.

Sasa nije kwenye karatasi ya maelekezo, ambayo ndiyo hasa inayouzwa, kwani chupa na maji hupatikana popote. Karatasi inasema kwamba maji mengi huyeyusha mafuta ya mwilini, kwamba maji ya barafu huyeyusha zaidi, kwamba mtu anywe lita nne kila siku bila kukosa, na kwamba atakayefuata atapungua kilo tano katika siku saba. Nilimuuliza binti ameyatoa wapi maneno haya. Akanijibu, “Mwalimu, wateja wenyewe ndio mashahidi, na wewe ukiifuata utalipeleka mwenyewe buibui lako kwa fundi likapunguzwe.” Nilikubali kuwa shahidi, lakini kwa mizani na daftari, na jioni nilipokuwa nikisubiri zamu ya kwenda haja nilijipa muda wa kusoma majaribio yaliyofanywa na wenye elimu hiyo.

Dai la barafu ndilo jepesi kulipima, kwa sababu halihitaji maabara. Kalori moja, ile inayohesabiwa kwenye vyakula, ni joto linalotosha kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya selsiasi. Maji ya friji yenye nyuzi 5 yakiingia mwilini hupashwa hadi nyuzi 37, yaani nyuzi 32, kwa hiyo lita mbili za maji hayo huugharimu mwili kalori 64. Soda moja ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, ambazo ni karibu vijiko vinane vya chai, na kalori zake hukaribia 130. Basi mtu akinywa chupa yetu nzima ikiwa na barafu, kutwa nzima, huwa amelipa nusu ya soda moja, na hamri moja tu la asubuhi humrudisha nyuma ya alipoanzia.

Kuna waliodai kwamba faida ni kubwa kuliko joto hilo. Mwaka 2003 watafiti wa Berlin walitoa matokeo ya jaribio la watu 14 waliokunywa nusu lita ya maji, wakaripoti kwamba kasi ya mwili kutumia nguvu ilipanda kwa asilimia 30 kwa muda, na wakakadiria kwamba lita mbili kwa siku zingeunguza kalori zinazokaribia 100. Habari hiyo ilienea kuliko moshi wa ubani, na naamini karatasi ya Langoni ni kitukuu chake. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Fribourg huko Uswisi walirudia upimaji kwa vifaa vya aina nyingine, na maji ya kawaida hayakupandisha chochote. Yale yaliyopozwa hadi nyuzi 3 yalipandisha kwa takriban asilimia 4.5 tu katika muda wa saa moja. Dai ambalo likirudiwa halionekani tena si la kumtoza mtu pesa.

Ule ushauri wa glasi nane kwa siku, ambao karatasi inauongeza hadi mara mbili yake, una asili ya ajabu kidogo. Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Marekani ilipendekeza mililita moja ya maji kwa kila kalori ya chakula, jambo linalomfikisha mtu mzima kwenye lita mbili na nusu hivi, na papo hapo ikaeleza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya vyakula vyenyewe. Watu walishika nambari wakaacha maelezo. Mwaka 2002 tabibu na mwanafiziolojia Heinz Valtin wa chuo cha Dartmouth, Marekani, alipekua maandishi ya sayansi akitafuta msingi wa glasi nane kwa mtu mwenye afya, asiupate. Ulaya nako, mamlaka ya usalama wa chakula ilitaja mwaka 2010 lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, chakula na vinywaji vyote vikihesabiwa pamoja, tena kwa hali ya hewa ya wastani. Sisi tulio katika kaskazi la Januari, ambapo mtu hutoka jasho akiwa ameketi barazani, bila shaka tunahitaji zaidi, lakini hitaji hilo hulipwa kwa kufuata kiu na kuutazama mkojo usiwe na rangi ya chai, na wali, mbaazi, tikiti maji na mchuzi vyote vinachangia.

Kilichonifanya nisiitupe karatasi yote ni kwamba kuna jambo moja la kweli ambalo ndani yake limetajwa kwa mstari mmoja tu, chini kabisa, kwa herufi ndogo: mtu anywe kabla ya kula. Hili limejaribiwa. Mwaka 2010 watafiti wa Virginia, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 48 wenye uzito uliozidi, wa umri wa miaka 55 hadi 75, ambao wote walipunguziwa chakula kwa wiki 12. Nusu yao waliongezewa sharti la kunywa nusu lita ya maji kabla ya kila mlo mkuu, na hao walipungua takriban kilo mbili zaidi ya wenzao. Mwaka 2015 wa Birmingham, Uingereza, walifanya vivyo hivyo kwa watu 84 wenye unene, wakiwapa nusu saa kati ya maji na chakula, na waliokunywa walipungua kilo 1.3 zaidi ya wale walioambiwa wajikalie tu wakidhania kwamba matumbo yao yamejaa. Tofauti hizo si kubwa, na zilipatikana kwa wiki 12, si kwa siku saba. Tena kwa vijana maji ya kabla ya mlo hayajaonyesha nguvu ile ile ya kupunguza ulaji. Inadhaniwa kwamba tumbo la mtu mwenye umri mkubwa huchelewa kutoa kilichomo, kwa hiyo maji hukaa na kushika nafasi.

Basi mimi niliifuata karatasi kwa namna yangu. Niliacha lita nne, nikashika lita mbili. Niliacha barafu, nikanywa maji ya kawaida. Na nusu lita niliinywa nusu saa kabla ya chakula cha mchana na cha usiku. Soda zote mbili niliziacha bila kuzililia, kwa kuwa mtu aliyekunywa maji matamu asubuhi yote haoni hamu ya soda ifikapo saa nne, na chai nikaanza kuinywa bila sukari, jambo lililowashangaza wenye baraza kuliko mengine yote. Siku ya saba mizani ilionyesha kilo 83.4. Siku ya thelathini ilionyesha 82.5. Nilikuwa nimepungua kilo 2.1, nami nilikwenda kupima kila mara asubuhi, katika duka lile lile la dawa, kabla ya kula, maana lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na anayejipima leo asubuhi na kesho jioni atajiona amenenepa kwa kikombe alichokunywa njiani.

Kilo mbili si haba, na muuzaji aliponiona akataka anipige picha niwe tangazo. Nilimwomba tukae kwanza tufanye hesabu. Soda mbili ni kalori 250 na ushei. Sukari ya vikombe vitatu vya chai, vijiko viwili viwili, ni karibu kalori 100. Kwa siku thelathini, vitu hivyo viwili peke yake hufikia kalori 10,500, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini huhesabiwa kuwa na kalori 7,700 hivi, hapo pana kilo moja na theluthi ambayo maji hayakuiyeyusha. Iliondoka kwa kuwa haikuingizwa. Iliyobaki naikadiria kuwa ni ya upawa mmoja wa wali nilioacha kujipakulia, na pengine nyingine ni ya mizani tu, ambayo hupanda na kushuka kwa siku kwa kiasi kisichopungua nusu kilo. Binti alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Lakini mwalimu, soda umeiacha kwa sababu ya maji yangu.” Neno hilo sikuweza kulipinga, na nimelifikiri tangu siku ile.

Ili niwe na hakika, kwa wiki mbili zilizofuata niliendelea na chupa yangu vilevile, lita mbili kila siku, ila nikarejea soda zangu na sukari ya chai. Maji yangekuwa yanayeyusha mafuta, yangeendelea kuyeyusha. Mizani ilipanda gramu 600. Jaribio la mtu mmoja si sayansi, lakini lilinitosha mimi niliyelipa shilingi 1,800.

Kuhusu nguvu ya maji juu ya sahani, niseme pia pale yaliposhindwa. Siku za kawaida, nusu lita ya kabla ya mlo ilinifanya nitosheke mapema. Katika harusi mbili nilizohudhuria mwezi ule nilikunywa nusu lita nyumbani, nikatembea, nikaketi mbele ya sinia ya biriani, nikala kama mtu ambaye hajawahi kusikia habari za chupa. Watafiti wa Pennsylvania wakiongozwa na Barbara Rolls walichapisha mwaka 1999 jaribio linaloeleza kwa sehemu jambo hili. Wanawake 24 walipewa, kwa siku tofauti, chakula cha kutangulia mlo, cha wali na kuku, au chakula hicho hicho pamoja na glasi ya maji pembeni, au kikiwa kimepikwa na maji yale yale kikawa supu. Glasi ya pembeni haikupunguza walichokula baadaye, lakini supu iliwapunguzia takriban kalori 100. Maji yaliyofungamana na chakula hukaa tumboni na kumshibisha mtu kuliko yanayopita peke yake. Tangu niyasome hayo, usiku hutanguliza bakuli la supu ya samaki isiyo na nazi, yenye ndimu na pilipili, na naona kwamba inafanya kazi ambayo chupa haiwezi. Lakini supu haina duka linaloiuza kwa mpango wa siku thelathini.

Sehemu ya huduma ambayo sitaisamehe ni kundi la WhatsApp. Tulikuwa wanawake 23, na kila baada ya saa mbili ujumbe uliingia wa kututaka tunywe na tutume picha ya chupa iliyofika chini ya mstari. Kwa siku chache ilikuwa burudani. Kisha ikawa mashindano: mmoja akatangaza lita nne, wa pili lita tano, na muuzaji akawatumia wote wawili alama za makofi. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba ana presha, kwamba hospitali imempa dawa za kupunguza maji mwilini, na kwamba tangu aanze lita nne kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka. Akajibiwa kwamba hizo ni sumu zinazotoka, asikate tamaa. Hapo niliingilia kati mbele ya kundi zima. Baadhi ya dawa za aina hiyo hushusha sodiamu, yaani madini ya chumvi, katika damu, na maji mengi yakiongezwa juu yake huishusha zaidi. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni katika dalili za mwanzo, na hali ikizidi mtu huchanganyikiwa, hupatwa na mishtuko kama ya kifafa, na anaweza kufa. Nilimsihi arudi kwa daktari wake siku hiyo hiyo, naye alirudi.

Figo za mtu mzima mwenye afya huweza kutoa takriban lita 0.8 hadi lita moja kwa saa, na anayezidisha hapo kwa saa kadhaa mfululizo huyalimbikiza maji. Hata wenye miili ya mazoezi hawakusalimika: katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliotolewa damu mwishoni, asilimia 13 walikutwa na sodiamu iliyoshuka, na waliokunywa hadi wakaongezeka uzito njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, na mwenye kutumia dawa za presha, hapaswi kuanza mpango wowote wa namna hii kabla ya kuzungumza na daktari, na ningependa sentensi hiyo iwe ya kwanza katika karatasi ya duka. Kwa sasa haimo kabisa.

Pana na adha nyingine ambazo haziui. Mwalimu mwenye darasa la watoto wanaozidi arobaini hawezi kutoka kila nusu saa. Siku niliyosafiri kwa boti kwenda Faza, mwendo unaozidi saa mbili na usio na mahali pa kujisitiri, nilikuwa nimekwisha imaliza mistari miwili ya asubuhi, na bahari ya siku ile siwezi kuisimulia hata leo. Anayepanda boti na aiache chupa nyumbani.

Mwisho wa Februari Ramadhani iliingia, na kundi la WhatsApp likanyamaza ghafla, kwa kuwa karatasi haina neno lolote juu ya mwezi ambao mji mzima hauweki tone la maji kinywani kuanzia alfajiri hadi magharibi. Muuzaji wa Lamu kusahau Ramadhani katika mpango wa kula na kunywa ni jambo ambalo bado linanistaajabisha. Aliyeutatua mushkili huo ni khalati. Jioni ya pili ya mfungo aliiweka chupa kwenye meza ya futari, akaniambia kwamba sasa saa zake zimenyooka: saa moja baada ya kufuturu, saa tatu baada ya tarawehe, saa tano, saa saba za usiku, na saa tisa wakati wa daku. Tuliifuata kwa usomaji wake mwezi mzima, tukianza mstari wa nne, na nakiri kwamba haijawahi kunifaa kama ilivyonifaa hapo, kwa kuwa glasi mbili za maji na tende tatu kabla ya kuzigusa sambusa zilinizuia kuzila sambusa sita. Vinywaji vya futari ndivyo hasa vinavyohitaji kuangaliwa. Jagi la maji ya maembe lililotiwa sukari kwa mkono mkarimu humrudishia mfungaji kwa dakika kumi alichokiacha kutwa.

Kama ni chupa tu inayotafutwa, nyota tatu kati ya tano, na mnunuzi adai kifuniko kingine kabla ya kutoka dukani. Maji ya mtungi nayapa nne. Karatasi siipi hata moja, na kundi la WhatsApp ningelifunga. Anayekunywa soda na chai ya sukari kila siku anaweza kupata faida niliyoipata mimi, kwa chupa hii au kwa mtungi wa udongo na kata, almuradi maji yachukue nafasi ya vile vinywaji wala yasiongezwe juu yake. Asiyekunywa soda, na ambaye chai yake haina sukari, sioni atapunguza nini zaidi ya usingizi wake.

Wiki iliyopita nilipita tena dukani kununua mtungi. Chupa zilikuwa zimebaki tatu, bei imeshuka hadi shilingi 1,500, na karatasi bado imebandikwa kwenye kioo, ila mstari wa lita nne ulikuwa umekatwa kwa kalamu, na juu yake pameandikwa mbili.